Mlango wa Sita wa Fahamu

Katika soko la Karatina, mbele ya fungu la maparachichi, muuzaji hana haja ya kumwuliza mteja anataka tunda kubwa au dogo. Humwuliza atalila lini. "La leo ni hili," humwambia, "na hili uliweke mpaka Jumapili." Kabla ya kutamka hivyo amefanya jambo dogo ambalo wengi hawalitazami: amelipakata tunda kiganjani, akalibonyeza kidogo karibu na kikonyo kwa kidole gumba, akaliachia. Kazi hiyo haimalizi hata sekunde moja. Ganda la parachichi la Hass hugeuka jeusi likiiva, lakini la Fuerte hubaki kijani tangu mtini hadi mezani, na hapo macho hayamsaidii mtu. Kidole gumba ndicho shahidi.

Muuzaji huyo hajui kipimo cha nguvu alizotumia, wala hahitaji kukijua. Ila ndani ya ngozi ya kidole chake kuna jambo lililowashinda wanasayansi kwa muda mrefu. Walikuwa wameshaeleza jinsi mwanga unavyogeuka kuwa habari machoni, na jinsi harufu inavyopokewa puani. Msukumo, yaani kubonyezwa, kuvutwa, kutikiswa, ulibaki fumbo. Ilijulikana kwamba neva za ngozi hutoa umeme zikiguswa. Haikujulikana ni kitu gani hasa, kwa jina na umbo, kinachopokea mguso na kuuwasha umeme huo.

Kiswahili kimetuachia msamiati unaofaa sana kwa habari hii. Watoto shuleni hufundishwa kwamba mwili una milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Neva nazo huitwa mishipa ya fahamu. Wahenga waliochagua neno mlango hawakuwa na darubini, lakini walichagua vizuri kuliko walivyoweza kujua, kwa sababu kazi yote ya kuhisi mguso hufanywa na milango halisi, midogo mno, inayofunguka na kufungwa kwenye utando wa seli.

Njia rahisi ya kuielewa milango hiyo ni kuteremka kutoka Karatina hadi Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Maji ya mto yamezuiwa mferejini na kipande cha chuma au mbao. Upande mmoja maji yamejaa, upande wa pili shamba limekauka. Mkulima hasukumi maji. Anainua tu kile kizuizi, maji yanakwenda yenyewe, kwa sababu tofauti ya kina ilikuwa imeshawekwa tayari.

Seli hufanya vivyo hivyo, isipokuwa badala ya maji inatumia ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji ya umeme. Usiku na mchana seli inatoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, kazi inayokula sehemu kubwa ya nguvu tunazopata kwenye chakula. Matokeo yake ni kwamba ndani ya neva iliyotulia kuna chaji hasi ikilinganishwa na nje, tofauti ya milivolti 70 hivi, karibu sehemu moja ya ishirini ya betri ya tochi. Ni umeme mdogo, lakini utando unaozitenga pande hizo mbili nao ni mwembamba ajabu: nanomita tano tu, na nanomita milioni moja ndizo zinazofanya milimita moja. Milango ya ayoni imepachikwa humo. Mmoja ukifunguka, ayoni zaidi ya milioni moja zinaweza kupita kwa sekunde. Ikifunguka mingi kwa pamoja, chaji inageuka, na neva inatuma ishara kuelekea uti wa mgongo na ubongo.

Milango ya aina nyingine ilikuwa inafahamika tangu zamani. Ipo inayofunguliwa na kemikali, ipo inayofunguliwa na umeme wenyewe. Mwaka 1997 David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alitangaza mlango unaofunguliwa na joto kali na pia na kiini cha ukali wa pilipili, na ndiyo sababu pilipili "inachoma" ingawa haina moto. Uliokuwa haujapatikana kwa mamalia ni mlango wa mguso, ule unaofunguliwa kwa kusukumwa.

Aliyeutafuta ni Ardem Patapoutian, Mwarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1967 na kukimbilia Marekani mwaka 1986, vita vya Lebanoni vikiendelea. Katika taasisi ya Scripps huko California, yeye na mtafiti kijana Bertrand Coste kutoka Ufaransa walipata aina ya seli za panya ambazo zikidungwa taratibu kwa ncha ya kioo, nyembamba kuliko unywele, hutoa umeme kidogo. Basi ndani yake ulikuwamo mlango wanaoutafuta. Waliorodhesha jeni 72 ambazo huenda zikawa ndizo zinazoujenga mlango huo, kisha wakaanza kuzizima moja baada ya nyingine, wakidunga na kupima kila mara. Walizima ya kwanza, umeme upo. Ya kumi, upo. Ya hamsini, bado upo. Kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Walipoizima ya 72, ya mwisho kabisa kwenye orodha, waliidunga seli na seli ikakaa kimya.

Hiyo ilikuwa 2010, mwaka ambao Kenya ilizindua katiba mpya. Protini iliyogunduliwa iliitwa Piezo1, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya msukumo. Punde akapatikana na ndugu yake, Piezo2, naye ndiye mwenye kazi kubwa kwenye ngozi na misuli.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Patapoutian na Julius walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. California ilikuwa usiku wa manane na simu ya Patapoutian ilikuwa imezimwa mlio, kwa hiyo waliokuwa wakimpigia kutoka Sweden walimpata kwanza baba yake, mzee wa miaka 94, na mzee ndiye aliyempasha mwanawe habari.

Umbo la Piezo lingempendeza mwanamke yeyote aliyewahi kusuka kiondo. Protini tatu zinazofanana hukutana katikati, kila moja ikitoa mkono mrefu uliopinda, mfano wa mapanga matatu ya feni. Kila mkono unapenya utando wa seli na kurudi, mara 38, kama uzi unaoingia na kutoka kwenye msuko, kwa hiyo mlango mmoja una mishono 114. Mikono hiyo imeinama kwa pamoja, ikaufanya utando nao ubonyee na kuwa kama bakuli. Seli ikivutwa, bakuli linatanuka na kuwa bapa, mikono inafuata, na tundu lililoko katikati linafunguka. Hakuna kemikali inayohitajika kupeleka ujumbe. Msukumo ndio ufunguo. Halafu, mkazo ukiendelea, mlango wa Piezo2 hujifunga wenyewe haraka sana, baada ya sehemu kama ya mia ya sekunde. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtu kuihisi sweta anapoivaa asubuhi na kuisahau kabla hajafika stendi.

Turudi kwenye kidole gumba. Ngozi ya kiganja kimoja ina ncha za neva za mguso zipatazo 17,000, nyingi zikiwa zimesongamana kwenye ncha za vidole, na hazifanyi kazi moja. Zipo zinazokaa pamoja na seli za Merkel, zenye kupima mkandamizo na kingo za vitu. Hizi ndizo zinazomwambia muuzaji parachichi limelegea kiasi gani. Zipo zinazoshtuka kitu kinapoanza kuteleza, ili mkono ukaze kabla yai halijaanguka. Nyingine, zilizo ndani zaidi, husikia mtetemo tu, mathalani mtetemo wa usukani wa gari barabarani. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2013 kwamba kidole cha binadamu kinachopapasa kinaweza kutofautisha uso laini na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13. Mikunjo hiyo ni midogo kuliko virusi vingi.

Kwenye mashamba ya chai ya Tetu, Othaya na Mathira, uwezo huo hutumika maelfu ya mara kwa siku. Mchumaji anatafuta majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili inakwenda, macho yakiwa yameshatangulia kichaka kinachofuata. Shina changa hukatika kwa urahisi likibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Lililokomaa hupinda, likakataa. Vidole vinaijua tofauti hiyo kabla mchumaji hajaifikiria, na mkono unaliacha shina gumu palepale. Ikifika Julai, Nyeri ikiamka ndani ya ukungu, kazi hiyo huwa nzito kwa sababu isiyohusu uvivu hata kidogo: baridi hupunguza kasi ya ishara ndani ya neva, na vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Kufunga kifungo cha shati tu kunakuwa kazi.

Kasi hizo zina tofauti kubwa, na kila aliyewahi kujikwaa anaijua bila kupima. Kidole cha mguu kikigonga jiwe, kwanza mtu hujua kwamba amegonga. Kisha kuna utulivu mfupi wa kutisha, ndipo maumivu mazito yanapofika. Mguso husafiri katika neva nene zenye kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde. Maumivu yale ya kuungulika hupanda kwenye nyuzi nyembamba, mita moja tu kwa sekunde, na kutoka mguuni hadi kichwani safari ni ndefu.

Lakini ukitaka kuiona kazi ya Piezo2 katika ukuu wake, uache mkono. Utazame paji la uso.

Katika miinuko ya Nyeri, Murang'a na Kirinyaga, wanawake wa Kikuyu wamebeba mizigo kwa mukwa tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mukwa ni ukanda wa ngozi: mzigo hulala mgongoni, ukanda hupita utosini karibu na paji la uso, na mbebaji huinama mbele kidogo. Kuni, nyasi za nepia za ng'ombe, pipa la maji, gunia la viazi. Kwa akina nyanya wengi ukanda huo umeacha alama, bonde dogo juu ya paji la uso ambalo mjukuu huligusa akiwa amepakatwa na kuuliza limetoka wapi.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia Mkenya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akishirikiana na wenzake kutoka ng'ambo. Waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba kwa mukwa, wakitembea kwenye mkanda unaozunguka huku hewa ya oksijeni wanayotumia ikipimwa. Wanawake kama hao hubeba hata mzigo unaofikia asilimia 70 ya uzito wao. Jambo lililowashangaza watafiti lilikuwa hili: mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nguvu hata kidogo. Mwanamke wa kilo 60 aliweza kubeba kilo 12 kwa gharama ileile ya kutembea mikono mitupu.

Maelezo yalichapishwa mwaka 1995, baada ya kupima nguvu za nyayo sakafuni. Mtu anayetembea ni kama timazi lililogeuzwa juu chini: mwili hupanda juu ya mguu uliosimama, kisha huanguka mbele, na sehemu ya nguvu za kuanguka hurudishwa kwenye hatua inayofuata. Wengi wetu hupoteza nguvu nyingi hapo katikati. Wabebaji hawa, wakiwa na mzigo, walipoteza nguvu chache kuliko walipotembea bila mzigo. Walikuwa wameirekebisha hatua yao kwa usahihi ambao hakuna mwalimu aliyewafundisha kwa maneno.

Watafiti hao hawakuwa wakitafuta milango ya ayoni, na Piezo2 ilikuwa haijajulikana. Ila hatua ya namna hiyo haiwezekani bila mwili kujua, kila mara, goti limekunjika kiasi gani, kifundo kimelala upande gani, shingo inavutwa na nini. Habari hizo hazitoki machoni. Zinatoka ndani ya misuli yenyewe, ambamo kuna vihisio vyembamba vilivyozungushiwa ncha za neva. Msuli ukinyooka, kihisio kinanyooka, ncha ya neva inavutwa, na milango ya Piezo2 inafunguka. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwa panya kwamba mlango huo ndio mkuu katika kuujulisha ubongo mahali viungo vilipo.

Hisi hii haimo kwenye ile milango mitano. Si kuona, si kusikia, na si kugusa kwa ngozi. Mtu anaweza kufumba macho, akainua mkono, akaigusa pua yake bila kuikosa, na hata siku moja asijiulize aliipataje. Hatuna hata jina lake la kawaida. Ni mlango wa sita, na kwa sababu haufungwi kamwe kwa watu wenye afya, hakuna anayegundua kwamba uko wazi.

Mwaka 2016 madaktari wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, karibu na Washington, walieleza habari za wagonjwa wawili ambao kwao mlango huu haukuwahi kufunguka. Mmoja alikuwa na miaka tisa, mwingine 19. Wote wawili walizaliwa na jeni ya PIEZO2 isiyofanya kazi. Walichelewa kutembea, na uti wa mgongo ulipinda kadiri walivyokua. Walihisi joto, walihisi baridi, walihisi kuchomwa na sindano. Uma wa chuma unaotetemeka ukiwekwa kwenye ngozi yao, hawakuhisi kwamba unatetemeka. Daktari aliposhika kiungo chao na kukipeleka juu au chini, huku wao wamefungwa macho, walibahatisha tu.

Kisha wakaombwa watembee. Kwa macho wazi waliweza, kwa kuyumba, wakiitazama miguu yao. Walipofungwa kitambaa machoni walianguka mikononi mwa waliowazunguka.

Ukilijua hilo, njia ya kawaida ya Mukurwe-ini alfajiri inakuwa kitu kingine. Mteremko wa udongo mwekundu, mvua imenyesha usiku, giza bado halijaondoka. Mama anapanda kutoka bondeni na mzigo wa nepia mgongoni, kichwa kimeinama, mikono miwili ikiwa imeshika mukwa pembeni mwa masikio. Hata kungekuwa na mwanga, asingeiona miguu yake vizuri. Unyayo unagusa ukingo wa jiwe, unateleza kidogo, kifundo kinajirekebisha, goti linafuata, na shingo inakaza ili mzigo usiyumbe. Yote hayo yamekwisha kabla yeye hajajua kwamba aliteleza. Huwa anaendelea na mazungumzo na mwenzake aliye nyuma.

Sikio nalo ni kazi ya milango ya msukumo, kwa kuwa sauti ni hewa inayosukumana. Ndani kabisa, kwenye kombe dogo lenye majimaji, kila sikio huanza maisha na seli kama 15,000 zenye vinyweleo. Vinyweleo vimepangwa kwa kimo, kifupi mbele ya kirefu, na kila kifupi kimefungwa kwa uzi kwenye jirani yake mrefu. Sauti ikivilaza upande mmoja, uzi unakaza na kuuvuta mlango. Mlango wa hapa si Piezo. Sehemu yake kuu ni protini iitwayo TMC1, ambayo jeni yake ikiharibika mtoto huzaliwa kiziwi au hupoteza usikivu baadaye. Ni miongoni mwa sababu nyingi zinazofanya shule kama ile ya watoto viziwi ya Tumutumu, karibu na Karatina, ziwe za lazima.

Mlango huo una udhaifu mmoja unaostahili kujulikana na kila familia. Dawa za jamii ya gentamisini, streptomaisini na kanamaisini zimeokoa maisha ya watoto wachanga na wagonjwa wa kifua kikuu wasio na idadi. Lakini molekuli zake hupita kwenye milango ileile ya vinyweleo, zikaingia ndani ya seli na hapo zikanasa, na baadaye seli hufa. Hii ndiyo maana baadhi ya waliotibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano za miezi mingi walipona mapafu na kupoteza masikio. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe katika matibabu hayo, vidonge vipya vichukue nafasi yake. Gentamisini bado inahitajika hospitalini, na hakuna sababu ya kuikataa inapoagizwa. Kuna sababu ya kumwuliza daktari kuhusu kipimo na siku, na kusema mapema masikio yakianza kuvuma.

Kelele huharibu kwa njia nyingine, kwa kuvivunja na kuvichosha vinyweleo. Desibeli 85 kwa saa nane ndizo zinazohesabiwa kuwa mpaka kwa mfanyakazi, na kila zikiongezeka tatu muda salama unapungua kwa nusu. Fundi wa jua kali anayenyoosha mabati kutwa nzima, na makanga anayelala na kuamka na spika za matatu, wanautumia mtaji usiorudi. Kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Kuku, kwa upande wake, akizipoteza huotesha nyingine na kusikia upya, na maabara kadhaa duniani zinamchunguza ili kujua anafanyaje.

Yapo mengine tele ndani ya mwili ambayo mtu huyaona ya kawaida mpaka yaharibike. Abiria aliyetoka Nyeri kuelekea Nairobi, kilomita 150 hivi, ambaye ikifika Sagana anaanza kumtazama dereva kwa macho ya kuomba, anasukumwa na Piezo2: mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba kibofu kikijaa na kutanuka, mlango huo ndio unaotoa taarifa. Wale waliozaliwa bila PIEZO2 hujipangia saa za kwenda msalani, kwa sababu haja haiwaiti kama inavyowaita wengine. Mishipa mikubwa ya damu shingoni nayo ina neva zinazopima mtanuko kwa kila pigo la moyo, kwa kutumia Piezo1 na Piezo2 pamoja, ili shinikizo la damu lisipande wala kushuka ghafla mtu anaposimama.

Piezo1 ina kisa kingine kinachoturudisha Mwea. Nyeri mjini, penye kimo cha mita 1,750 hivi na baridi yake, malaria ni nadra; ukishuka kwenye majaruba ya mpunga, mbu ni jirani wa kudumu. Chembe nyekundu za damu hujipenyeza kwenye mishipa myembamba kuliko zenyewe, na kila zikibanwa Piezo1 hufunguka, chembe ikapoteza maji kidogo na kusinyaa ili ipite. Mwaka 2018 maabara ya Patapoutian ilieleza badiliko dogo la jeni hiyo, linalofanya mlango ukawie kufungwa. Chembe hubaki zimekauka kidogo, na katika maabara vimelea vya malaria vilishindwa kustawi ndani yake kama kawaida. Badiliko hilo lilionekana kwa takriban theluthi moja ya watu wenye asili ya Afrika. Linafanana na habari ya selimundu, badiliko jingine la chembe nyekundu linalokinga dhidi ya malaria: mwili ulioishi na mbu kwa maelfu ya miaka ukarekebisha milango yake.

Kazi haijaisha. Wagonjwa wale wawili wa mwaka 2016 walihisi sindano ikiwachoma ijapokuwa hawakuwa na PIEZO2. Kwa hiyo mlango unaopokea mchomo mkali wa kitu chenye ncha ni mwingine, na maabara nyingi zinautafuta kwa hamu, kwani atakayejua kuufunga huo peke yake, bila kuuziba mguso wa kawaida, atakuwa amepata dawa ya maumivu isiyolewesha.

Na mukwa unapungua. Maji ya bomba yamefika vijiji vingi, nepia sasa hupanda bodaboda au mkokoteni wa punda, na wasichana wanaosoma Nyeri na Karatina hawataki alama ile juu ya paji la uso, wala hakuna wa kuwalaumu, kwa sababu mzigo ulikuwa mzigo hata kama hatua ilikuwa ya ajabu. Bado wapo wanaobeba. Afikapo nyumbani, mama yule wa alfajiri hautupi mzigo. Anageuka polepole, anarudi nyuma hatua mbili kuelekea ukuta wa zizi ambao hauoni, kisigino kikiitafuta ardhi, mpaka nepia inagusa mbao. Hapo ndipo anapokunja magoti, na mukwa unalegea.